Shilingi Juu ya Shilingi: Tarehe ya Vyama vya Hisani na Msaada wa Kutoka Mbali

Imeonekana yafaa kuwekwa katika kijitabu hiki cha ukumbusho tarehe ya jambo moja ambalo watu wa pwani wamekula matunda yake kwa miaka mingi, ilhali wachache wanajua mti wake ulipandwaje. Jambo hilo ni vyama vya hisani vya mitaani, yaani watu wachache wa mji mmoja wanaokutana na kuchanga kidogo walichonacho, na kwa kidogo hicho wakafungua mlango wa mali kubwa itokayo mbali. Kwa njia hiyo zimejengwa skuli na misikiti, vimechimbwa visima, na watoto wa nchi nyingi wamekingwa na maradhi.

Watu wa Mute, na wa wilaya nzima ya Palma, hawahitaji kuelezwa maana ya msaada. Tangu Oktoba 2017, vita vilipoanza Mocímboa da Praia, na khasa baada ya 24 Machi 2021, mji wa Palma uliposhambuliwa, watu wa upande huu wa Cabo Delgado wameishi maisha ya kuhama na kurejea. Kati ya hayo kikapita kimbunga Kenneth, Aprili 2019. Kufikia mwaka 2022 waliokuwa wameyahama makazi yao kwa sababu ya vita walikaribia watu milioni moja. Wengi walisimama safuni kungojea mchele na mafuta ya kupikia, wakaandikwa majina katika karatasi za watu wasiowajua. Chakula kile kilikuwa haki ya mwenye njaa, na aliyekitoa atalipwa na Mola wake. Lakini mwenye kupokea tu kwa muda mrefu huingiwa na fikira kwamba msaada ni kama mvua, na kwamba kazi ya mkulima ni kutazama mawingu.

Tarehe inasema kinyume cha hayo. Chakula cha siku ya dhiki humfuata mwenye dhiki. Ama msaada wa kudumu, wa kisima na skuli na dawa, aghlabu haukumfuata aliyelia zaidi. Ulimfuata aliyetangulia kuweka shilingi yake, au ardhi yake, au jasho lake, na akawa na daftari la kuonyesha. Maneno haya ni mazito kwa watu waliopoteza nyumba, lakini ndiyo yanayojitokeza kila ukurasa wa habari hizi unapofunguliwa, na aliye maskini ana haja ya kuyajua kuliko tajiri.

Asili ya jambo lenyewe si ngeni kwa Muislamu. Sayyidna Uthman bin Affan alipokinunua kisima cha Ruma, huko Madina, akakifanya sabili kwa Waislamu wote, hakugawa maji ya siku moja. Aliiweka mali mahali ambapo faida yake ingedumu. Pwani ya Waswahili nayo iliujua wakfu tangu kale. Mtu aliacha minazi kadhaa, au nyumba, au shamba, na mapato yake yakanunua mafuta ya taa na mikeka ya msikiti, au yakamlisha mwalimu wa chuo. Lakini wakfu wa namna hii ulikuwa na mipaka miwili. Kwanza, ulimtegemea mtu mmoja mwenye mali, na mji usio na tajiri haukuwa na wakfu mkubwa. Pili, ulimtegemea msimamizi mmoja. Akiwa mwaminifu mambo yalikwenda, na akiwa si mwaminifu minazi iligeuka ikawa ya wanawe. Katika karne ya 20 Waislamu wa mijini walianza kuunda vyama vyenye rais, katibu na mtunza hazina. Humo watu mia maskini waliweza kufanya kazi ya tajiri mmoja, na daftari likamsimamia msimamizi.

Mfano ulio karibu ni Al-Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika, iliyoasisiwa Dar es Salaam mwaka 1933, na miongoni mwa waasisi wake alikuwa Kleist Sykes. Zama zile skuli nyingi zilikuwa mikononi mwa mamishionari, na wazee wengi wa Kiislamu walihofu kuwapeleka watoto wao huko. Chama kile kilisimamisha skuli yake mjini kwa michango ya Waislamu wenyewe, ili mtoto apate elimu ya dini na elimu ya dunia chini ya paa moja. Watu wa Cabo Delgado waliokuwa wakivuka Mto Ruvuma kwenda kufanya kazi Tanganyika na Unguja waliyakuta mambo ya namna hii huko: wapagazi, makarani na wachuuzi wakikaa barazani, wakihesabu senti na kuziandika.

Miaka 12 baadaye, mwaka 1945, ilizaliwa Mombasa jumuiya kubwa kuliko hiyo, nayo ni East African Muslim Welfare Society, ambayo wengi waliizoea kwa herufi zake tu, EAMWS. Aliyeianzisha ni Agha Khan wa tatu, Sultan Muhammad Shah, imamu wa Maismailia. Makusudio yalikuwa kuwainua Waislamu wa Afrika Mashariki, khasa Waafrika, ambao walio wengi ni Masunni wa madhehebu ya Imam Shafii. Mtoaji na mpokeaji hawakuwa wa madhehebu moja, na jambo hilo halikuzuia kheri kupita baina yao. Hilo lafaa kukumbukwa na kila anayedhani kwamba msaada hauwezi kuvuka ukuta wa madhehebu ila kwa kubomoa imani ya mtu.

Kanuni ya fedha ya jumuiya hiyo ndiyo iliyolipa maandishi haya jina lake. Agha Khan hakuahidi kuwajengea watu wakiwa wamekaa. Aliahidi kwamba kwa kila shilingi itakayochangwa, yeye ataweka shilingi juu yake. Mfuko uliokusanya shilingi 1,000 ukawa na 2,000. Ama mfuko mtupu, ukiuzidisha mara mbili, hubaki mtupu vilevile. Hesabu hii ni nyepesi kwa mtoto wa chuo, lakini ndani yake mna hekima tatu. Ya kwanza, mchangaji mdogo aliiona shilingi yake ina nguvu mara mbili, akatoa kwa moyo. Ya pili, mtoaji mkubwa alipata ushahidi usioweza kughushiwa kwa maneno, kwamba watu wanakitaka kitu hicho kweli, kwa kuwa mtu hachangii asichokitaka. Ya tatu, jengo liliposimama hapakuwa na aliyeliita jengo la wageni. Wenyeji walikuwa na shilingi yao ukutani, wakalilinda.

Uganda ilikuwa na mfano wake hata kabla ya jumuiya hiyo kuundwa. Kilima cha Kibuli, Kampala, kilikuwa ardhi ya Mwanamfalme Badru Kakungulu, naye akaitoa kwa ajili ya Waislamu. Jiwe la msingi la msikiti wake liliwekwa mwaka 1941 na Aly Khan, mwana wa Agha Khan, na yeye huyohuyo akaja kuufungua mwaka 1951. Kilimani hapo zikasimama baadaye skuli, chuo cha walimu na hospitali. Lau Kakungulu angengoja wageni waje kwanza ndipo atoe ardhi, kilima kile huenda kingebaki shamba. Ardhi ilitangulia, na mawe ya watu wa mbali yakaifuata.

Mombasa nako kulijengwa chuo cha ufundi cha Waislamu, kilichojulikana kwa jina la MIOME. Hati yake ilitolewa mwaka 1948, na wanafunzi wa kwanza waliingia mwaka 1951. Fedha zake hazikutoka mfuko mmoja: Sultani wa Unguja alitoa, Agha Khan alitoa, jamaa ya Mabohora ilitoa, na serikali ya Kiingereza ikatia sehemu yake. Vijana walifundishwa kazi za mikono na mitambo, ili Muislamu wa pwani asiwe mchukuzi tu wa mizigo ya wenzake. Chuo hicho hakikudumu kuwa cha Waislamu peke yao. Katika miaka ya 1960 milango ilifunguliwa kwa wote, mwaka 1972 kikawa Mombasa Polytechnic, na tangu mwaka 2013 ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Wako wanaosikitika kwa mageuzi hayo. Lakini mwenye insafu ataona kwamba fedha iliyowekwa na mikono minne imevuka zaidi ya miaka 70 na bado inasomesha watoto wa watu, Waislamu wakiwamo.

Ama mwisho wa EAMWS nao ni somo. Agha Khan wa tatu alifariki Julai 1957, na baada ya nchi kupata uhuru siasa ziliingia katika mambo ya jumuiya. Mwaka 1968 palizuka mgogoro ndani yake huko Tanzania, na Desemba ya mwaka huo serikali ikaipiga marufuku. BAKWATA ikaundwa, na mali za jumuiya zikaingia mikononi mwake. Mpango wa kujenga chuo kikuu cha Waislamu, ambao jumuiya ilikuwa imeuanza, ukakatika. Watu hawajaafikiana hadi leo juu ya chanzo cha mgogoro ule, na hapa si pahala pa kuhukumu. Funzo lake kwa chama cha kijiji ni hili: mali iliyoandikwa kwa jina la makao makuu hufuata makao makuu popote yaendapo. Kisima na skuli na viandikwe kwa jina la wale wanaokunywa na wanaosoma.

Mti ule, hata hivyo, haukufa mizizi. Mwaka 1967 Agha Khan wa nne aliunda shirika la Aga Khan Foundation, na tangu mwaka 2001 shirika hilo limefanya kazi katika vijiji vya pwani ya Cabo Delgado, likianzia na kamati za vijiji vyenyewe. Na kutoka upande mwingine wa ulimwengu wa Kiislamu ilikuja kheri ya Kuwait. Mwaka 1981 daktari mmoja wa huko, Abdulrahman Al-Sumait, pamoja na wenzake, waliunda kamati ndogo ya kuwasaidia Waislamu wa Malawi. Kamati ya nchi moja ikakua ikawa shirika la African Muslims Agency, ambalo baadaye liliitwa Direct Aid, likichimba visima, kulea mayatima na kujenga skuli katika nchi nyingi za Afrika, Msumbiji ikiwa mojawapo. Al-Sumait alifariki mwaka 2013. Jambo la kuzingatia ni kwamba shirika kubwa lile lilianza kama vinavyoanza vyama vya mitaani, kwa watu wachache na haja moja iliyoandikwa waziwazi.

Baada ya kuonekana namna Waislamu walivyofanya wenyewe kwa wenyewe, inafaa kutazama kanuni hiyohiyo kwa watu wasio wa dini moja, kwa kuwa wao wameipanga mpaka ikawa kama elimu. Vyama hivyo huitwa vyama vya huduma, na kilichotangulia kwa sifa ni Rotary. Kilianza Chicago, Marekani, Februari 1905, pale wakili Paul Harris alipokutana na wenzake watatu. Wakakubaliana kukutana kwa zamu katika afisi zao, na zamu hiyo ndiyo iliyokipa chama jina. Kwetu Afrika Mashariki klabu ya kwanza iliundwa Nairobi mwaka 1930. Wanachama wake ni wafanyabiashara, madaktari, mawakili na walimu, kila mtu na dini yake.

Wako wanavyuoni, khasa wa nchi za Kiarabu, waliowatahadharisha Waislamu wasijiunge na vyama hivi. Suala la uanachama lina wenyewe wa kuliuliza na kulijibu. Lakini kujiunga na watu ni jambo moja, na kuchimba nao kisima ni jambo jingine. Tangu mwanzo Waislamu wameshirikiana na majirani zao katika wema ulio dhahiri, na maji ya kisima hayana madhehebu.

Mfuko wa chama hicho una habari ya kustaajabisha. Mwaka 1917, katika mkutano wa Atlanta, rais wao Arch Klumph alipendekeza pawe na hazina ya kudumu ya kutenda mema duniani. Mchango wa kwanza ulitoka klabu ya Kansas City, nao ulikuwa dola 26 na senti 50 tu. Mwaka 1928 hazina hiyo ilipewa jina la Rotary Foundation, na kufikia hapo, baada ya miaka 11, ilikuwa imepita kidogo dola 5,000. Mwaka 1930 ikatoa msaada wake wa kwanza, dola 500, kwa ajili ya watoto vilema. Paul Harris alipofariki mwaka 1947, wanachama wa nchi nyingi walimkumbuka kwa kutia michango katika mfuko huo, na hapo ndipo ulipopata nguvu. Kisha mwaka 1965 ikawekwa kanuni ambayo watu wa Mombasa wa mwaka 1945 wangeitambua mara moja: klabu ilipotoa fedha kwa kazi ya hisani ya nchi nyingine, mfuko mkuu uliongeza fedha juu yake.

Tunda lililo kubwa kuliko yote ni vita dhidi ya polio, maradhi yanayopoozesha watoto. Mwaka 1979 chama hicho kilianza kwa kuwachanja watoto wa Ufilipino. Mwaka 1985 kikaazimia dunia nzima, kikajiwekea lengo la kukusanya dola milioni 120, na kufikia mwaka 1988 wanachama walikuwa wamekusanya dola milioni 247. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani, UNICEF na wengineo waliungana nao. Wakati ule watoto waliokuwa wakipoozeshwa kila mwaka walikisiwa kuwa 350,000, katika nchi 125. Agosti 2020 Afrika ilitangazwa kuwa haina tena polio ya asili. Lakini Februari 2022 Malawi ilitangaza mtoto mmoja ameipata, na Mei mwaka huo ikaonekana Msumbiji, katika mkoa wa Tete. Wachanjaji wakapita nyumba kwa nyumba katika nchi jirani zote, wakiwatilia watoto matone mdomoni, na Mei 2024 ikatangazwa kwamba mlipuko ule umekwisha. Mzazi wa Cabo Delgado aliyefungua mlango kwa wachanjaji hao hakujua kwamba nyuma ya matone yale palikuwa na vyama vidogo elfu nyingi, vya miji asiyopata kuisikia, vilivyochanga kwa zaidi ya miaka 30.

Sasa yafaa kueleza namna kazi hiyo inavyokwenda, kwani faida ya tarehe ni kujua njia. Michango ya kila mwaka ya klabu za jimbo moja huwekwa katika mfuko mkuu kwa miaka 3, ikazalishwa. Kisha sehemu yake hurudi katika jimbo lilelile ili wenyewe waamue itumikeje, na sehemu nyingine hubaki kwa ajili ya dunia nzima. Kwa kazi ndogo za karibu, jimbo hutoa ruzuku ndogo. Kwa kazi kubwa, zinazovuka mipaka, kuna ruzuku iliyoanza kutumika duniani kote mwaka 2013, na kazi yake haiwi chini ya dola 30,000, ambazo ni karibu meticais milioni 2. Ruzuku hiyo haitolewi kwa klabu moja peke yake. Lazima ziwepo klabu mbili, moja ya nchi inayofanyiwa kazi na moja ya nchi ya mbali. Ya mbali huleta marafiki na fedha. Ya karibu huyajua mambo ya mahali, husimamia na kushuhudia. Kila moja huweka kamati ya watu watatu. Fedha huwekwa katika hesabu yake peke yake ya benki, isiyochanganywa na nyingine, na haitoki ila kwa saini za watu wawili. Kila mwaka hupelekwa taarifa, na hati na stakabadhi huhifadhiwa kwa muda usiopungua miaka 5 baada ya kazi.

Msomaji atauliza: chama cha kijiji, kisicho klabu ya Rotary wala hakina dola, kinaingia wapi? Kinaingia mahali patatu, na pasipo hayo matatu kazi haisimami. Kwanza ni haja. Kanuni zinataka wenyeji waulizwe kabla ya kazi, na haja yao ithibitishwe. Kijiji ambacho kimeshakaa, wanaume na wanawake, kikaandika ni kaya ngapi zinateka maji wapi, kwa mwendo gani, na nani anaugua nini, kimeshafanya nusu ya kazi ambayo mgeni angeifanya vibaya. Pili ni mahali na mikono: ardhi isiyo na ugomvi, mchanga na mawe, na vijana wa kuchimba. Wanaosaidiwa hawatakiwi kuinunua ruzuku kwa fedha, na anayewadai fedha ili wapewe ni mwongo. Lakini ardhi na ushirika ni vyao kuvitoa. Tatu ni matunzo: nani ataiangalia kazi baada ya wageni kuondoka, na kwa fedha gani?

Hili la tatu ndilo lililoviua visima vingi. Katika Msumbiji pampu ya mkono iliyozoeleka ni ile iitwayo Afridev. Ni pampu nzuri, na mwanakijiji aliyefundishwa anaweza kuifungua mwenyewe, lakini mipira yake ya ndani huchakaa, na ikichakaa bila ya akiba ya kununua mingine, kisima cha maelfu ya dola husimama kwa kukosa kitu kidogo. Pampu hii ilijaribiwa katika miaka ya 1980 huko Kwale, pwani ya Kenya, kwa Wadigo, ambao ni Waislamu kama watu wa Mute na wanaishi kwa minazi na mihogo kama wao. Wafadhili walitoka mbali, lakini shirika la Kikenya la KWAHO lilikaa na wanakijiji, kila kisima kikawa na kamati yake, na wanawake wakafundishwa kuifungua pampu na kuitengeneza. Mwanzoni wako walioona si kazi ya mwanamke kushika spana. Kisha ikadhihirika kwamba anayelala na kiu ya nyumba nzima ndiye asiyesubiri fundi wa mjini. Basi kamati ya maji isiyo na wanawake ni kamati iliyowaacha wenye kisima nje.

Pana mpaka mmoja unaopasa kusemwa wazi. Fedha za vyama kama Rotary haziruhusiwi kutumika kwa shughuli za ibada za dini yoyote. Kuzipokea kwa ajili ya kisima kisha kuzigeuza bati za msikiti, hata kama nia ni njema, ni kuvunja sharti, na Muislamu ameamrishwa kutimiza masharti yake. Msikiti una mlango wake: una sadaka za waumini na wakfu wao, na una ndugu wa Kiislamu wa nchi nyingine wanaotoa kwa makusudio hayo. Kila fedha na iende ilikotumwa. Mwenye kuchanganya mifuko miwili mwishowe hupoteza yote miwili.

Na pana sababu nyingine inayowahusu watu wa Cabo Delgado kuliko wengine. Katika nchi iliyoonja vita, fedha isiyo na daftari hutiliwa shaka, na chama cha Waislamu kinachopokea fedha kutoka mbali kikashindwa kuonyesha imetoka kwa nani na imekwenda wapi, kinaweza kuwaponza hata wasio na hatia. Daftari basi si adabu ya mjini tu, ni ngao. Chama kinachosoma hesabu zake hadharani baada ya sala ya Ijumaa, hata kama hesabu yenyewe ni meticais 300 za mwezi na kilo mbili za misumari, kimejenga ushahidi ambao hakuna mwenye kukisingizia atakayeuvunja kwa urahisi. Na siku klabu ya mbali au shirika la hisani litakapouliza ni nani anayeaminika upande huo, jibu litakuwa limekwisha andikwa, kwa wino, pamoja na tarehe zake.

Wako watakaosema: watu hawa wamepoteza madau na nyumba, vipi waambiwe watangulie kutoa? Swali ni la haki. Lakini tarehe iliyoelezwa hapa haikuanza kwa matajiri. Hazina iliyokuja kukusanya mamilioni ilifunguliwa kwa dola 26 na senti 50. Shirika la nchi nyingi lilianza kwa kamati ya nchi moja. Kinachotakiwa kutangulia si kikubwa. Ni kidogo kilicho wazi, kinachorudiwa kila mwezi, na kinachohesabiwa mbele ya watu. Kidogo cha namna hiyo kina sauti inayosikika mbali, na kilio kisicho na daftari husikika siku moja tu.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia kuweka shilingi zao kwa ajili ya watoto ambao hawakuwaona, awarejeshe kwa amani wote waliohama makwao, aijaalie Mute maji safi, skuli na utulivu, na awafanye wenye kushika amana za watu kuwa wenye kuzitekeleza. Amin.